Mlinzi wa Kujitolea Penye Maafa: Amana Yake na Mipaka Yake Kifiqhi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Viktoria tumeonjeshwa misiba mikubwa kwa zamu. Tarehe 21 Mei 1996, sawa na Mfunguo Nne 1417, meli ya MV Bukoba iliyokuwa ikitoka Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza. Waliokufa hukadiriwa kuwa kati ya 800 na 1,000, na baadhi yao wamezikwa kwa pamoja Igoma. Tarehe 10 Septemba 2016, sawa na Mfunguo Tatu 1437, tetemeko la ardhi liliupiga mkoa wa Kagera. Watu 17 walifariki, nyumba nyingi zikabomoka Bukoba na vitongoji vyake, na familia zikawa zinalala nje. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, sawa na Mfunguo Nne 1440, kivuko cha MV Nyerere kilichokuwa kikitoka Bugolora kwenda Bwisya, kisiwani Ukara, kilipinduka kikiwa kimebakiza masafa mafupi kufika gatini. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa walikuwa 228 na waliookolewa 41. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba, na kati ya watu 43 waliokuwamo 19 walifariki. Waliotangulia kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Katika misiba ya namna hii, misikiti na makanisa hugeuka kuwa mahali pa kukusanyia misaada. Unga, mchele, magodoro, maturubai na nguo huletwa uani. Manusura hukaa barazani, na jamaa wa marehemu huja kuulizia. Hapo hapo huja pia mwenye tamaa, mwenye njaa ambaye jina lake halimo orodhani, na mtazamaji asiye na kazi. Ndipo imamu huwaita vijana wa msikiti awaambie, “Lindeni.” Kijana hushika fimbo na tochi, akasimama mlangoni. Kuanzia dakika hiyo ameingia katika hukumu za sharia ambazo mara nyingi hakuna aliyemfundisha.

Makala haya yanakusudia kueleza hukumu hizo. Muhtasari wake ni huu: mlinzi wa kujitolea ni mshika amana, wala hana mamlaka ya kuhukumu. Akilijua hilo, ulinzi wake ni ibada kubwa. Akilisahau, anaweza kutoka hapo na dhima ya mali za watu, au dhima ya damu, na yeye alikwenda kutafuta thawabu.

Daraja ya ulinzi katika dini

Kushirikiana katika wema na uchamungu ni amri ya Qur’ani (Al-Maida, 5:2), na katika sura hiyo hiyo (5:32) kumwokoa mtu mmoja kumefananishwa na kuwaokoa watu wote. Kulinda chakula cha manusura na uhai wao ni katika mlango huo. Mafakihi wanauhesabu wajibu wa namna hii kuwa ni fardhi kifaya: wakisimama wanaotosha, dhambi huwaondokea waliobaki, na wakiacha wote, wote waliojua na kuweza wanapata dhambi.

Tirmidhi amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) hadithi inayotaja macho mawili ambayo Moto hautayagusa: jicho lililolia kwa kumwogopa Mwenyezi Mungu, na jicho lililokesha likilinda katika njia Yake. Asili ya hadithi hii ni ulinzi wa jihadi, lakini inamfahamisha kila anayekesha kwa ajili ya viumbe wa Mwenyezi Mungu kwamba usiku wake haupotei bure.

Wala kazi hii haikuwa ya watu wa chini. Ibn Saad amepokea kuwa wafanyabiashara walifika Madina wakapiga kambi mahali pa kuswalia, na Sayyidna Umar (r.a.), naye ni Amirul Muuminina, akamtaka Abdurrahman bin Auf (r.a.) wakeshe pamoja kuwalinda wageni wale na wizi. Wakawa wanalinda na kuswali. Usiku huo Umar akasikia mtoto akilia, akamwendea mama yake mara baada ya mara, mpaka akajua kuwa mama yule alikuwa akimwachisha ziwa kabla ya wakati, kwa sababu posho ya hazina ilikuwa ikitolewa kwa mtoto aliyekwisha kuacha ziwa. Asubuhi akabadilisha utaratibu, ikawa kila mtoto anayezaliwa katika Uislamu anaandikiwa posho. Tuzingatie: mlinzi alikwenda kulinda bidhaa, akarudi na habari ya mtoto mwenye njaa. Ndivyo alivyo mlinzi mwenye moyo. Anaangalia mlango, na masikio yake yanasikia kilio.

Abu Huraira (r.a.) katika ghala la zaka

Hadithi iliyo msingi wa somo letu ameipokea Imam Bukhari katika mlango wa uwakala. Mtume (s.a.w.) alimpa Abu Huraira kazi ya kulinda zaka ya Ramadhani, nayo ilikuwa ni chakula cha mafukara. Usiku akaja mtu akawa anachota chakula kwa mikono. Abu Huraira akamkamata, akamwambia kuwa atampeleka kwa Mtume (s.a.w.). Yule mtu akalalamika kuwa ni mhitaji, ana watoto na shida kubwa. Abu Huraira akamhurumia, akamwacha. Asubuhi Mtume (s.a.w.) akamuuliza habari za mateka wake wa jana, naye akaeleza yote. Akaambiwa kuwa yule amesema uongo na atarudi. Ikawa hivyo siku ya pili. Siku ya tatu yule mtu akajikomboa kwa kumfundisha fadhila ya Ayatul Kursiy wakati wa kulala. Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa maneno aliyosema ni ya kweli ingawa msemaji wake ni muongo, na kwamba alikuwa shetani.

Wengi wetu tunaitumia hadithi hii kwa fadhila ya Ayatul Kursiy peke yake. Lakini ndani yake mna sharia nzima ya ulinzi wa misaada:

Kwanza, Abu Huraira aliwekwa na mwenye mamlaka. Hakujitwalia ghala.

Pili, alimkamata mwizi kwa mkono, na hakumpiga. Hadithi haitaji kofi wala fimbo katika nyusiku zote tatu, ingawa mtu alikuwa ni yule yule na kosa ni lile lile.

Tatu, alilomtishia ni kumpeleka kwa mwenye hukumu. Alijua kuwa mwisho wa kazi yake ni kukamata na kufikisha.

Nne, alisikiliza udhuru wa njaa.

Tano, na hili ndilo linalowapita wengi, alitoa taarifa kila asubuhi wala hakuficha. Imam Bukhari ameiweka hadithi hii chini ya anuani inayosema kwa maana kuwa wakala akiacha kitu, kisha aliyemweka akaridhia, inajuzu. Maana yake ni kuwa kuachia kwa Abu Huraira kulikamilika kwa ridhaa ya Mtume (s.a.w.). Kwa hiyo mlinzi wa leo hana ruhusa ya kumgawia jamaa yake kilo tano za unga kwa hoja ya kuwa naye ni mhitaji. Mali si yake. Huruma yake ipite kwa kamati, iandikwe, ndipo itoke.

Mwenye kujitolea na mwenye kuwekwa

Imam al-Mawardi, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi aliyefariki mwaka 450 Hijria, katika kitabu chake cha Al-Ahkaam as-Sultaniyya, ametenganisha baina ya muhtasib, yaani msimamizi wa kuamrisha mema na kukataza maovu aliyewekwa na mtawala, na mutatawwi’, yaani anayefanya hivyo kwa kujitolea. Amehesabu tofauti tisa. Baadhi yake ni kuwa aliyewekwa anaweza kutoa adhabu ya kutia adabu (taazir) katika maovu ya dhahiri, na mwenye kujitolea hawezi. Aliyewekwa anaweza kujichukulia wasaidizi, na mwenye kujitolea hawezi. Aliyewekwa hupewa posho kutoka Baitulmali, na mwenye kujitolea hapewi.

Mazungumzo ya al-Mawardi yanahusu hisba, lakini kipimo chake kinaingia barabara katika ulinzi wa penye maafa. Kijana wa msikiti aliyesimama mlangoni ni mutatawwi’. Anaweza kuzuia, kuonya, kupiga kelele za kuomba msaada, kukamata na kukabidhi. Kupiga kama adhabu, kumvua mtu nguo, kumfungia chumbani siku nzima au kumtoza faini, hayo hayamo katika mamlaka yake.

Sheria ya nchi nayo iko katika mwelekeo huo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, na inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Aidha, shughuli za maafa zina kamati zake kuanzia mkoa hadi kijiji. Imamu anayepanga walinzi bila kumjulisha mwenyekiti wa mtaa na kituo cha polisi kilicho karibu anawaacha vijana wake bila kivuli.

Sisi watu wa Usukumani tuna historia yetu katika jambo hili. Sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika nchi za Wasukuma na Wanyamwezi, wananchi walipochoshwa na wizi wa mifugo na ujambazi, na baadaye wakatambuliwa kisheria. Wema wao hauna ubishi: watu waliokuwa wakilala kwa hofu walipata usingizi. Lakini zilitokea pia sehemu ambazo mlinzi aligeuka kuwa askari, mwendesha mashtaka, hakimu na mtoa adhabu kwa wakati mmoja, na waliodhaniwa tu wakapigwa. Ulinzi usio na mpaka huanza kwa kumwondoa dhalimu, ukamalizika kwa kuwa dhalimu mwenyewe.

Anapokamatwa mwenye kuiba

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Katika miji yetu mtu akipigiwa kelele za “Mwizi! Mwizi!” huenda akafa kabla polisi hawajafika. Magazeti huandika kuwa ameuawa na “wananchi wenye hasira kali”, mambo yakaishia hapo. Penye maafa hasira huwa kali zaidi, kwani watu wanasema, “Huyu anawaibia waliofiwa!” Mlinzi ndiye wa kwanza kufika, na yeye ndiye anayeweza kuamua kama mtu huyo atabaki hai.

Mafakihi wa Kishafi wameliweka suala hili katika mlango wa as-siyaal, yaani kumzuia mwenye kushambulia nafsi, heshima au mali. Kanuni yake, kama alivyoipanga Imam an-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) katika Minhaj, ni kuanza na lililo jepesi kisha lililo zito kidogo. Kama anazuilika kwa maneno au kwa kuomba msaada, kumpiga ni haramu. Kama mkono unatosha, mjeledi ni haramu. Kama mjeledi unatosha, fimbo ni haramu. Na kadhalika mpaka mwisho. Nguvu imehalalishwa kwa dharura ya kuzuia, na dharura hupimwa kwa kadiri yake. Basi mwizi akishatupa gunia na kukimbia, au akishashikwa akatulia, dharura imekwisha. Kipigo kitakachofuata ni dhulma, na mpigaji anakibebea dhamana. Mtu akifa kwa kipigo hicho, tunazungumzia damu, na damu ni katika mambo ya kwanza kuamuliwa baina ya watu Siku ya Kiyama.

Baadhi ya vijana husema, “Si mwizi hukatwa mkono?” Jawabu ni kuwa hudud zinasimamishwa na mtawala kwa hukumu ya kadhi baada ya kuthibiti sharti zake, na kijana wa zamu hana hata moja katika hayo. Isitoshe, mwaka wa ukame mkubwa uliojulikana kwa jina la Ramada, mwaka wa 18 Hijria, imepokewa kuwa Umar (r.a.) hakukata mkono wa mwizi kwa sababu ya shubuha ya njaa. Na katika Muwatta ya Imam Malik imo habari ya watumwa wa Hatib walioiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzaina wakamchinja. Umar alipodhani kuwa bwana wao anawashindisha njaa, aliwaacha, akamtoza yule bwana dirhamu 800 kwa ngamia wa dirhamu 400. Umar alitazama mkono ulioiba, kisha akamtazama aliyesababisha mkono huo uibe.

Basi mlinzi akimkuta mtu amebeba blanketi asilopewa, swali la kwanza liwe, “Wewe umeandikishwa?” Huenda ni manusura aliyepitwa na orodha, na misaada ile imeletwa kwa ajili ya mfano wake. Apelekwe kwa mwandishi. Akionekana kuwa ni mwizi wa kazi, akabidhiwe polisi akiwa mzima, mbele ya mashahidi. Na umati ukija na mawe, wajibu wa mlinzi unageuka: sasa anamlinda mwizi. Amzunguke pamoja na wenzake, amwingize mahali penye mlango, na awaite polisi. Mtume (s.a.w.) ameamrisha kumnusuru ndugu akiwa dhalimu au akiwa mwenye kudhulumiwa, akafasiri kuwa kumnusuru dhalimu ni kumzuia na dhulma. Mlinzi huyu anafanya yote mawili kwa pamoja, kwani mshikwa anaokolewa na umati, na umati unaokolewa na dhambi ya kuua.

Dhamana ya mali

Je, mali ikipotea katika zamu ya mlinzi, atalipa? Asili yake ni kuwa mshika amana hadhamini isipokuwa kwa kuvuka mpaka au kuzembea. Qur’ani (At-Tawba, 9:91) imeondoa lawama kwa wafanyao wema, na mafakihi wamejengea hapo hukumu nyingi. Kwa hiyo akilinda kama ada inavyotaka, kisha majambazi wakamzidi nguvu, hana la kulipa.

Lakini atalipa ikiwa aliacha mlango wazi, aliondoka bila kukabidhi, alimwachia mtoto mdogo zamu yake, au alitumia kitu cha amana kwa manufaa yake. Katika madhehebu yetu, mwenye kuwekeshwa nguo akaivaa bila udhuru, au kumkabidhi mwingine amana bila idhini na bila dharura, ameingia katika dhamana. Mlinzi aliyeondoa turubai la misaada akajifunikia pikipiki yake aifahamu hukumu hii.

Vipi kuhusu usingizi? Imam Muslim amepokea kuwa katika kurejea kutoka Khaibar, Bilal (r.a.) alipewa kuwaangalizia Masahaba alfajiri. Akaswali alichojaaliwa, kisha akaegemea mnyama wake akielekea mapambazuko, usingizi ukamshinda. Hakuamka mtu mpaka jua lilipowapiga. Mtume (s.a.w.) aliupokea udhuru wake, wakaswali. Basi aliyezidiwa bila kukusudia halaumiwi kama mzembe. Lakini viongozi wajifunze kupanga watu wawili wawili, kama walivyofanya Muhajir na Ansari waliopewa ulinzi wa usiku katika safari ya Dhatur Riqaa: waligawana usiku, mmoja akilala na mwenzake akiwa macho. Imepokewa kuwa aliyekuwa macho alipigwa mishale akiwa ndani ya sala, na hakumwamsha mwenzake ila kwa kuchelea kupoteza mpaka aliokabidhiwa.

Kuhusu kuchota katika misaada, jambo ni zito. Aya ya ghululi (Aali Imran, 3:161) imetangaza kuwa mwenye kufanya hiyana katika mali ya umma atakuja nayo Siku ya Kiyama. Katika Bukhari na Muslim kuna kisa cha mtumishi wa Mtume (s.a.w.) aliyeuawa kwa mshale baada ya Khaibar. Watu wakampongeza kwa shahada, na Mtume (s.a.w.) akakanusha, akaeleza kuwa shuka aliyoichukua katika ngawira kabla ya kugawanywa inamuwakia moto. Hapo mtu mmoja akaja mbio akirudisha ukanda mmoja wa kiatu, au miwili. Ikiwa shuka moja ilifanya hivyo kwa aliyekuwa akimtumikia Mtume (s.a.w.), je, sisi na magodoro? Mlinzi ambaye naye ni mwathirika apate fungu lake kupitia orodha kama wenzake. Chai na chakula cha zamu vitoke katika fedha iliyotolewa kwa kazi hiyo, kwani sharti la mtoaji linaheshimiwa.

Maiti na vitu vyao

Mwenye kuzama na mwenye kuangukiwa na jengo, wote wametajwa na Mtume (s.a.w.) miongoni mwa mashahidi, katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim. Hao ni mashahidi wa Akhera: huoshwa, huvishwa sanda na huswaliwa. Mlinzi aliyesimama mwaloni mahali maiti wanapotolewa anawalinda mashahidi, basi na awe na adabu yao. Abu Daud amepokea kuwa kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja akiwa hai. Kwa hivyo afunike uchi, azuie msongamano, na azuie simu zinazopiga picha za nyuso na miili. Muosha maiti ameahidiwa maghufira kwa kusitiri aliyoyaona, na mlinzi yuko katika hali hiyo hiyo.

Pesa, simu, pete na mizigo inayookotwa ufukweni si mali isiyo na mwenyewe. Kama mwenyewe amekufa, ni mirathi inayongoja deni, wasia na warithi. Kama hajulikani, inaingia katika hukumu za luqata, yaani kiokotwa, na Mtume (s.a.w.) amemtaka muokotaji ashuhudishe waadilifu wala asifiche. Utaratibu wake wa leo ni daftari: kitu gani, kimeokotwa wapi, saa ngapi, na saini za watu wawili, kisha kikabidhiwe polisi.

Katika jambo la uokozi, mlinzi asikate tamaa mapema. Ajali ya MV Nyerere ilitokea tarehe 20 Septemba 2018, na tarehe 22 alitolewa mtu akiwa hai ndani ya kivuko kilichopinduka. Kutunza utulivu na kuwaachia wazamiaji njia huenda kukawa ndiyo sababu ya uhai wa mtu.

Heshima ya wanawake na haki ya wasio Waislamu

Penye manusura wamo wanawake waliopotelewa na waume, watoto na hata nguo. Mfano wa mlinzi hapa ni Safwan bin al-Mu’attal (r.a.), aliyekuwa nyuma ya jeshi, na wanachuoni wamesema kazi yake ilikuwa kuokota yaliyosahauliwa. Alimkuta Bibi Aisha (r.a.) ameachwa na msafara. Hakuzungumza naye neno isipokuwa istirjaa, akampigisha magoti ngamia, akaongoza njia mpaka akamfikisha. Wanafiki wakasema waliyosema, na Qur’ani ikashuka kumtakasa mama yetu. Tunalojifunza ni kuwa mlinzi awe safi, na pia afunge milango ya dhana. Sehemu ya wanawake ilindwe na wanawake kwa ndani, upekuzi wa mwanamke ufanywe na mwanamke, na wanaume wa zamu wawe nje, wawili au zaidi, mahali penye mwanga. Na yeyote anayemtaka mwanamke mwili wake ili ampe kibali cha kuingia au mgao, huyo amevunja amana mbili kwa mara moja. Aondolewe na kufikishwa polisi, wala jambo lake lisizikwe kwa hoja ya kulinda jina la msikiti.

Vile vile mlinzi asiulize dini mlangoni. Ziwa halikuchagua, na waliokufa Ukara walikuwa Waislamu na Wakristo. Qur’ani (Al-Insan, 76:8) imewasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka, na mateka wa zama zile walikuwa washirikina. Na katika Al-Mumtahina (60:8) hatukukatazwa kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Aidha asifanye upelelezi wa aibu za watu kwa kisingizio cha usalama, kwani tajassus imekatazwa kwa nassi (Al-Hujurat, 49:12). Apekue pale tu penye alama ya dhahiri, na mbele ya shahidi.

Sala ya mlinzi

Ajali ya MV Nyerere ilitokea Alhamisi, na kesho yake ilikuwa Ijumaa, watu wakiwa bado majini. Je, waokoaji na walinzi waende msikitini? Mafakihi wamehesabu kuchelea nafsi au mali yenye kuheshimiwa kuwa ni udhuru wa kuacha Ijumaa na jamaa, na uhai wa mtu una uzito zaidi ya mali. Atakayekuwa zamu na hana wa kumbadili ataswali Adhuhuri mahali pake.

Ama sala tano, asiziache zipite wakati wake. Sala ya khofu (An-Nisaa, 4:102) imepangwa ili kundi moja liswali na jingine lilinde, kisha wapokezane. Huo ni mpango wa zamu uliofundishwa na Mola wetu mwenyewe, na mbele ya adui. Wanaojitolea penye misaada, ambao kwa kawaida hawana adui wa vita, wanaweza kuufuata kwa wepesi zaidi: wawili wakiswali, wawili walinde.

Nasaha kwa maimamu

Kwa kuwa maafa hayatoi taarifa, yafuatayo yaandaliwe wakati wa raha:

1. Wateuliwe walinzi wanaojulikana kwa uaminifu na subira, wanaume na wanawake, na majina yao yapelekwe kwa uongozi wa mtaa na polisi.

2. Wafundishwe hukumu hizi kwa darsa, hata mara mbili kwa mwaka, pamoja na huduma ya kwanza kutoka kwa wenye ujuzi.

3. Wapewe kitambulisho, filimbi na tochi. Silaha wasipewe.

4. Mlinzi asiwe ndiye mgawaji, na mgawaji asiwe ndiye mwandishi. Mikono mitatu ikitengana, tamaa hupungua.

5. Kila zamu ikabidhiane kwa daftari na kuhesabu, na imamu asomewe taarifa kila asubuhi, kama Abu Huraira (r.a.) alivyoulizwa kila asubuhi.

6. Itangazwe kwa sauti, mbele ya vijana wote, kuwa hakuna kumpiga aliyekamatwa.

7. Wakae na walinzi wa makanisa ya jirani na mgambo wa mtaa, waelewane mapema nani atasimama wapi.

Ndugu msomaji, mtu anaweza kukesha nyusiku kumi akilinda mchele wa mayatima, kisha usiku wa kumi na moja akashiriki kumuua aliyeiba kilo mbili za mchele huo. Hasara iliyoje! Na mwingine akakesha usiku mmoja tu, akamshika mwenye njaa, akamkalisha, akamfikisha kwa mwandishi akapata haki yake. Wote wawili walisimama kwenye mlango mmoja. Kilichowatenganisha ni elimu ya mipaka, na elimu hiyo ni wajibu wetu sisi maimamu kuifikisha kabla ya siku ya msiba.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) awarehemu waliokufa majini na chini ya kuta, awape subira waliofiwa, ayalinde maziwa yetu na wasafiri wake, na awajaalie vijana wetu kuwa walinzi waaminifu. Amin.

Wallahu a’lam.